Guchi na Panya wa Kinuni

Madonge mawili ya unga yalikaa juu ya sinia la shaba, na unga wenyewe ulikuwa wa mama yangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mengine yote. Aliusaga mwenyewe asubuhi ile, ngano ya shamba letu la juu, akaujaza kwenye bakuli na kunikabidhi bila neno. Watu wa kijiji wakautumia kumnyang'anya kinu chake cha maji.

Ua wa hekalu ulikuwa umejaa. Theluji ilikuwa bado inayeyuka kwenye mapaa ya mawe, ikiwadondokea shingoni wanaume waliojibanza ukutani, nao wakajifanya hawaisikii kwa sababu Devta, mungu wa kijiji chetu, alikuwa anatoka. Machela yake yalikuja mlangoni juu ya mabega ya watu wanne, nyuso zake za fedha mbele, vitambaa vyekundu vikining'inia, na tarumbeta ndefu zikalia mpaka mbwa wakajibu. Mimi nilisimama kando ya sinia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shali ya sufi nimeibana kifuani kwa pini ya bibi yangu, unga bado umo kwenye kucha. Kati ya watu wote waliokuwa pale, ni mimi tu niliyejua donge lipi lina nini.

Ndivyo ilivyo kwetu. Jambo likiwashinda watu, hupelekwa kwa Devta. Kila jibu hufichwa ndani ya donge la unga, na madonge huviringishwa na binti ambaye hajaolewa, peke yake, mlango ukiwa umefungwa, ili asije mtu akasema kuna mkono wa fulani. Machela huinama kuelekea donge mojawapo, donge hupasuliwa, na kilichomo ndicho Devta anachotaka kibaki. Wanaobeba hawaelekezi, wanaelekezwa. Nilifundishwa hivyo tangu nikinyonya, na sikuwa nimewahi kuona sababu ya kutilia shaka.

Ndani ya donge moja nilikuwa nimeweka guchi kavu. Ndani ya la pili, manyoya ya panya-maji, kiasi cha kubana kwa vidole viwili.

Uyoga na panya! Nani mwenye akili timamu anaweza kuviweka hivyo viwili sinia moja na kumwambia Mungu achague? Sisi. Sisi tuliojiona werevu kuliko vijiji vyote vya bonde.

Kampuni ya umeme ilikuja kwetu baada ya mavuno ya tufaha ya mwaka uliotangulia. Walikuwa na mipango miwili. Wa kwanza ulikuwa kuuchukua mto wetu mdogo kabla haujafika kinuni na kuutia ndani ya mlima kwa handaki. Wa pili ulikuwa kuchukua maji ya bonde la pili, lakini barabara yao ya magari makubwa ipasue msitu wa mierezi, kule kwenye guchi. Chagueni wenyewe, walisema, kwa tabasamu la mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni chai au maziwa.

Pamoja nao alikuja binti mmoja wa mjini, jina lake Mitali, mwenye miwani na buti za mpira. Kazi yake ilikuwa kuandika viumbe wa msituni na mtoni. Alilala kwetu siku tisa, maana mama hakuwa mtu wa kumfungia mgeni mlango, na siku ya tatu alipiga kelele kule mferejini mpaka nikadhani ameteleza. Kumbe alikuwa amemwona panya wetu.

Mama alimjua yule mnyama tangu alipoolewa. Si panya hasa, ni jamaa ya kirukanjia, pua ndefu, mwili mfupi kuliko kidole cha kati na mkia mfupi kuliko mwili. Nje ya maji ni kitu cheusi kisicho na maana. Akizama, manyoya yake yanashika hewa na anageuka fedha tupu, anakimbia chini ya maji kati ya mawe akiokota wadudu, halafu anaibuka mkavu. Aliishi kwenye ukuta wa mfereji uliokipelekea kinu maji. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kilango ili maji yaligonge gurudumu, mama aligonga ule ubao mara tatu na kusema, "Toka, bwana, kazi inaanza." Na yule bwana alitoka. Kwa miaka ishirini na mbili hakuna hata mmoja aliyesagwa na gurudumu la mama yangu.

Mitali alimtega mmoja kwa kiboksi cha bati ili ampime. Alitega jioni, akaamka jua limeshapanda, kwa sababu alikuwa amechoka na kupanda milima. Panya-maji hawezi kukaa bila kula hata nusu ya usiku. Tulimkuta amejikunja, amekufa kwa njaa ndani ya kiboksi kilichowekwa hatua mbili tu kutoka kwenye chakula chake.

"Umemfungia bila chakula?" mama alimuuliza.

"Sikujua angekufa haraka hivi, mama."

"Hukujua. Na wewe ndiye uliyetumwa kuja kutuandikia tunachokijua!"

Binti wa watu alilia. Mama alimpa chai, kisha akamzika mnyama chini ya kizingiti cha kinu. Kabla hajamfukia, nilinyofoa manyoya kidogo nikayatia kwenye kiberiti kitupu. Nilipenda jinsi yalivyong'aa, hakuna sababu nyingine.

Na guchi? Hiyo nayo naijua, pengine kuliko mtu yeyote aliye hai katika kijiji hiki. Ni uyoga wenye kichwa kama sega la nyuki, rangi ya udongo, na ndani ni tupu. Haupandwi. Wamejaribu watu wenye shahada, ukawakatalia. Theluji ikiyeyuka na radi ikipiga, unatokeza pale unapotaka wenyewe, chini ya majani yaliyooza, na unaweza kupita juu yake mara kumi usiuone, halafu ukiinama kufunga kamba ya kiatu unaona kumi na mbili. Mimi niliuona. Tangu nikiwa na miaka minane walinitanguliza mbele ya wanawake, nikipanda na kikapu mgongoni, nao wakinidhihaki kwamba nina macho ya nguruwe. Tulizitunga kwenye uzi na kuzikausha juu ya jiko, na baba mkubwa alizikusanya nyumba kwa nyumba kuzipeleka kwa mfanyabiashara wa mjini.

Baba mkubwa wangu, Tule Ram, alikuwa kaka wa marehemu baba na mtunza hekalu. Alikuwa pia na pua iliyosifika mpaka mjini. Ungemfumba macho ukampa guchi, angekuambia imekaushwa juani au motoni, na kwa kuni za mti gani. Tulicheka sana na hiyo pua. Watoto tulikuwa tunamficha guchi nyuma ya mgongo, naye ananusa hewa na kuelekeza kidole, hakosei hata siku moja.

Karatasi ya Mitali ilikuja majira ya baridi, ikasomwa barazani kwa baba mkubwa. Ilikuwa na safu mbili. Upande wa msitu kulikuwa na jina la guchi. Upande wa mto kulikuwa na jina la panya-maji. Kinu hakikuandikwa, kwa kuwa karatasi ilihusu viumbe tu, na mama yangu hakuwa kiumbe wa kuandikwa.

Basi kijiji kizima kikaanza kulinganisha.

"Guchi inaliwa," alisema Chape Ram mwenye duka, akiinua kidole. "Panya je? Shemeji Shauni, hebu mkaange huyo wako kwa siagi tuone nani atalamba vidole."

"Nikikupikia wewe sitaiona tena sufuria yangu," mama alijibu. "Bakuli langu la sikukuu unalo tangu mwaka juzi, Chape Ram. Rudisha bakuli kwanza, ndipo tuzungumze mapishi."

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Nilidhani tukicheka pamoja mambo hayawezi kuharibika.

"Guchi inasomesha watoto," mwingine akasema. "Panya ananuka."

"Guchi ni ya wote. Panya ni wa mjane mmoja."

Hapo mama alisimama. Alikuwa mfupi, na vumbi la unga halikumtoka kwenye nyusi hata siku za harusi.

"Mnalinganisha," alisema. "Haya, na mimi nilinganishe. Guchi inakaa gizani mwaka mzima ikingoja radi, wala hailalamiki. Yule wa mtoni hawezi kungoja hata kutoka asubuhi mpaka mchana, akikosa riziki anakufa. Mmoja ana subira, mwingine hana. Guchi haikimbii, unaikosa kwa kuwa unatembea umenyanyua pua. Panya anakimbia, unamkosa kwa kuwa huwezi kukaa kimya. Hakuna hata mmoja aliyepandwa na mtu wala kufugwa na mtu. Wote wawili wanakunywa theluji ileile ya mlima uleule. Sasa ninyi mnataka kujua yupi bora? Mtu akikuuliza kati ya macho yako na masikio yako kipi bora, usimjibu. Mwangalie mkononi ameshika nini!"

Ndipo baba mkubwa, kwa sauti ya upole, akasema jambo hili ni zito, tumpelekee Devta. Madonge mawili. Watu wakashusha pumzi kwa furaha. Hakuna aliyetaka tena kumtazama mama usoni.

"Kwa nini mawili?" mama aliuliza.

"Kwa sababu mipango ni miwili, shemeji."

"Na kama Devta hataki hata mmoja?"

Walicheka. Baba mkubwa alicheka kwa sauti kuliko wote. "Mama Fagni, unamfundisha Devta kukataa?"

Hapo ndipo tulipokosea, na hakuna kabila lingine chini ya jua ambalo lingekosea kwa namna hiyo. Tuna mungu anayejibu. Tumejaliwa mungu anayetoka nje, anayeinama, anayesikiliza ugomvi wa ng'ombe na mipaka. Naye hawezi kutaja kitu kisichowekwa mbele yake. Tukampelekea maswali ya kampuni kwenye sinia letu.

Siku tatu kabla ya tambiko, baba mkubwa alinikuta njiani nikitoka kukata kuni. Alinipokea mzigo, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Utaviringisha wewe," alisema. "Hakuna binti mwingine mwenye mikono safi."

"Sawa, Baba Mkubwa."

"Hiyo guchi iweke kushoto, mwanangu. Hilo tu."

Nilimnyang'anya kuni zangu. Nikashuka mpaka kinuni, nikamwambia mama kila kitu, kisha nikamwambia na langu: nitie manyoya kwenye yote mawili, basi, tumalize. Mama alikuwa anakwangua jiwe la kusagia kwa patasi. Hakuacha kukwangua.

"Ukifanya hivyo utakuwa umeshinda nini?"

"Kinu!"

"Viringisha kwa haki, Fagni. Kila kitu kwenye donge lake. Nisije nikasaga maisha yangu yote juu ya uongo wa binti yangu."

Nikaviringisha kwa haki. Nilifunga mlango, nikatia guchi huku na manyoya huku, nikazungusha sinia mara nyingi huku nimefumba macho, kisha nikafumbua na kuona, kwa ufa mdogo niliolijulia donge lake, kwamba guchi imeangukia kushoto. Nikaiacha kwanza! Kwa haki hiyohiyo nikaogopa kuigusa, nisije nikawa nimechagua. Nikatafakari kwenda kulia, kurudi kushoto, na mwisho nikahamishia guchi kulia, ili kama yule mzee anategemea kushoto ajikwae mwenyewe. Nililala nikijiona mjanja.

Sasa turudi uani.

Kabla machela hayajasimama mbele ya sinia, mtunza hekalu husujudu. Baba mkubwa alipiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa ukingo wa shaba. Akakaa hapo kuliko ilivyo desturi. Niliona mabawa ya pua yake yakifunguka, kwanza upande wa kushoto, halafu upande wa kulia. Nilidhani analia. Kwa kweli, nilimhurumia, nikasema moyoni, kumbe mzee ana imani, anamlilia Devta.

Aliinuka, akampokea mmoja wa wabebaji, akaingiza bega lake la kulia chini ya mti wa mbele. Tarumbeta zikapanda. Machela yakayumba mbele, yakarudi nyuma, yakazunguka nusu, nyuso za fedha zikatutazama sote kwa zamu. Kisha nikaliona bega. Sikuona likisukumwa. Lilishuka lenyewe, kama la mtu anayetua mzigo mahali alipokwisha kupachagua njiani.

Kulia.

Donge likapasuliwa. Guchi ikaonekana, watu wakapiga kelele, Chape Ram akarusha kofia yake juu. Na mimi, ngoja niseme yote, nilifurahi. Kwa muda wa kupepesa jicho nilifurahi kwa sababu msitu wangu umepona, na macho yangu ya nguruwe yatapanda tena mlimani mwaka kesho. Halafu nikamwona mama akitoka uani, amejifunga shali, anatembea upesi upesi kwani kulikuwa na magunia ya watu yanayosubiri kusagwa.

Kwa nini sikusema? Nimeulizwa swali hilo na mtu mmoja tu, nami nitamfikia. Kusema mbebaji ameelekeza ni kusema Devta ni ubao na vitambaa. Nyumba iliyosema hivyo haipewi moto na jirani, na maiti yake haipati wa kuibeba. Hayo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni ile furaha ya kupepesa jicho, nayo ndiyo iliyonizuia. Nikisema, ningesema pia kwamba nilifurahi. Nikanyamaza siku ile, nikanyamaza na kesho yake, na ukimya ukinyamazwa mara mbili unazoea.

"Uliviringisha kwa haki?" mama aliniuliza jioni.

"Ndiyo, Mama."

"Basi. Yako umemaliza."

Sikumaliza chochote.

Mto ulifungwa mwaka uliofuata, mchana, baada ya mavuno ya mahindi. Mama alikuwa na gunia la mwisho kwenye kinu. Jiwe lilianza kuvuta miguu, likazunguka kwa kuguna, likasimama gunia likiwa halijafika nusu. Mimi nilizaliwa ndani ya ile sauti na sikujua kama ni sauti mpaka ilipokoma. Mama aligonga ubao wa kilango mara tatu. Chini kwenye mfereji maji yalibaki kwenye vidimbwi, na ndani ya kidimbwi kimoja kitu cha fedha kilikuwa kinazunguka, kinazunguka. Tulimchota kwa ndoo tukamkimbiza mpaka mto mkubwa wa bondeni, mwendo wa saa moja na zaidi. Tulipofika hakuwa akizunguka tena.

Nina hasira na maji yale, na ndoo ile, na njia ile yenye kona nyingi.

Msitu nao? Handaki lilipigwa baruti majira mawili ya baridi, vyombo vikianguka kabatini. Mwaka wa tatu chemchemi za msituni zilianza kukauka moja baada ya nyingine, maana mlima uliotobolewa tumboni hauwezi kushika maji kifuani. Theluji ikiyeyuka, inanyonywa. Mwaka wa nne nilipata guchi kikapu kimoja. Mwaka wa sita nilipata saba, nikazitunga kwenye uzi, na mama akazitundika juu ya jiko akakataa zisiliwe wala zisiuzwe. Mwaka wa nane hapakuwa na kitu. Nilikutana na baba mkubwa mlimani akipekua majani kwa fimbo, pua hewani, kama mtu aliyeangusha pete. Hatukusalimiana. Mama alifariki mwaka uleule, na waliombeba ni haohao waliokuwa uani, Chape Ram mbele, ambaye alirudisha bakuli siku ya matanga.

Hayo ni ya zamani. Mimi niliolewa humuhumu, nimefiwa na mume, nina binti mmoja, Sunmi, ana miaka kumi na saba.

Jana baba mkubwa alikuja mlangoni kwangu. Ni mzee sana sasa, anatembea na mkongojo. Nilikuwa natia kokwa za jozi zilizotwangwa ndani ya mikate ya mvuke, nikaendelea kutia.

"Sunmi yupo?"

"Yupo. Unamtakia nini?"

"Kampuni inachimba handaki la pili. Wanataka mahali pa kumwaga vifusi. Wamesema tuchague, ama malisho ya juu, ama mashamba ya tufaha ya chini. Kesho tunampelekea Devta." Alikohoa. "Tunahitaji binti wa kuviringisha madonge."

"Bega lako, Baba Mkubwa."

"Bega gani?"

"La kulia. Na pua."

Sikuwa nimepanga kusema. Miaka ishirini na mitatu, yakatoka nikiwa na jozi vidoleni. Nilitegemea akane, na nilikuwa tayari kumrushia sufuria. Hakukana. Aliketi kizingitini taratibu, akaweka mkongojo magotini.

"Nilijua umeona," alisema. "Nilikaa mwezi mzima nikingoja useme. Kwa nini hukusema? Ungesema, ningekiri mbele ya watu."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hawasemi kwamba siku moja kitakuuliza kwa nini hukujikuna.

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema! Umekuja kuketi kwenye kizingiti changu kuniambia mimi ndiye niliyekuzuia kuwa mwaminifu!"

"Nilidhani naokoa kijiji, Fagni. Guchi ililisha nyumba arobaini. Kinu kililisha moja."

"Kinu kilisaga unga wa nyumba arobaini."

Alitazama mikono yake, na mimi nikaitazama pia, na ubaya ni kwamba ilifanana na ya baba yangu. Sikumsamehe. Watu wakisimulia mambo kama haya huishia kusameheana, nami najua wengine wangependa nifanye hivyo. Nilimwambia:

"Sunmi ataviringisha. Madonge matatu."

"La tatu la nini?"

"Halina kitu. Devta akiliinamia hilo, mnakwenda kuwaambia hawamwagi popote."

"Haijawahi kufanyika."

"Mama aliomba, ukamcheka."

"Watu watauliza kwa nini umebadili desturi."

"Waache waulize. Nitawaambia kwa nini. Nitawaambia la bega, la pua, na la kwangu pia, kwamba niliona nikanyamaza na kwamba nilifurahi. Wakitaka kuninyima moto wataninyima. Nina kiberiti."

Akaushika mkongojo wake. "Utaniaibisha mbele ya wajukuu zangu."

"Ndiyo," nilisema, na nikamsaidia kuinuka kwa kuwa asingeweza mwenyewe.

Leo alfajiri tumefunga mlango, mimi na binti yangu. Kwa desturi awe peke yake, lakini leo nimeketi naye mpaka nimfundishe. Unga ni wa dukani, wa mfuko, mweupe usio na harufu ya jiwe. Sunmi ameweka jani la nyasi ndani ya donge la kwanza, na jani la mtufaha ndani ya la pili. La tatu amelishika mkononi likiwa wazi.

"Na humu?"

"Usiweke kitu. Lifunge vizuri tu."

Amelifunga. Nimeyapima viganjani, la tatu lilikuwa jepesi kidogo, nikaliongeza unga. Kisha nimepanda kwenye kigoda na kuutungua uzi wa mama juu ya jiko. Umebaki na guchi moja, nyingine zimeliwa na wadudu. Nimeisaga kati ya vidole mpaka ikawa vumbi, na vumbi lile nikalipaka kwenye madonge yote matatu, sawasawa, ili pua ya mtu yeyote isipate cha kuchagua.